Farasi wako akiumwa: vipimo kwanza, dawa baadaye (uzi)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Uzi huu nimekaa nao moyoni muda mrefu. Nilimpoteza farasi jike wa miaka 9 kwa msokoto wa tumbo, yaani maumivu makali ya tumbo, na hadi leo kinachonikaa rohoni ni asubuhi ya siku ile. Alibakiza nusu ya majani yake. Nikapita, nikajisemea leo hana hamu, nikaendelea na kazi. Jioni alipoanza kugaagaa tukafanya yote tuliyowahi kusikia kwa watu: tukamtembeza kwa zamu kwa muda wa karibu saa tano, tukamnywesha mafuta ya kupikia kwa chupa. Daktari wa mifugo alipopokea simu aliniuliza mambo manne tu. Moyo unapiga mara ngapi kwa dakika? Joto kiasi gani? Fizi zina rangi gani? Kinyesi cha mwisho alitoa saa ngapi? Sikuwa na jibu hata moja, na farasi yule nilikuwa nimeishi naye miaka sita.

Kwa hiyo kabla ya majina ya magonjwa, naomba tuanze na farasi mzima.

Farasi mkubwa aliyetulia huwa na joto la nyuzi 37.2 hadi 38.3. Moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika, kimya, bila kutanua pua wala kuvuta ubavu. Fizi ni za rangi ya waridi na zina utelezi wa mate. Bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha achia: rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Weka sikio ubavuni, nyuma ya mbavu, juu na chini, kulia na kushoto, utasikia tumbo linanguruma na kububujika. Tumbo lililo kimya kabisa ni habari mbaya kuliko lenye kelele. Kinyesi hutoka kama mara 8 hadi 12 kwa siku.

Mapigo unayapata chini ya taya. Pitisha vidole ndani ya ukingo wa mfupa wa taya, utakuta mshipa mnene kama kamba ya kiatu unaoteleza. Ubane taratibu, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Kipimajoto hupakwa mafuta kidogo na kuingizwa kwenye njia ya haja kubwa, wewe ukiwa umesimama pembeni ya paja, si nyuma yake. Kifunge uzi ili kisipotelee ndani. Fanya hivi siku saba farasi akiwa mzima, uandike kwenye daftari. Wapo ambao kawaida yao ni mapigo 30, wengine 40. Ukikuta 44 kwa yule wa 30, kuna kitu, ingawa vitabuni bado yumo ndani ya kipimo.

Sasa tumbo, maana ndilo linaloua wengi.

Farasi ameumbwa kula kidogo kidogo mchana na usiku. Tumbo lake la chakula ni dogo kwa mwili wake, na asidi humwagika humo saa zote, awe anakula au hali. Hacheui kama ng'ombe, na hawezi kutapika. Kilichoingia kina njia moja tu ya kutokea, na njia hiyo ina kona. Utumbo mpana unafika upande wa kushoto karibu na nyonga, unajikunja na kuwa mwembamba ghafla. Hapo ndipo majani makavu yasiyo na maji ya kutosha yanapokwama.

Dalili za mwanzo ni za upole mno: kuacha chakula, kugeuza shingo kutazama ubavu, kukunja mdomo wa juu, kujinyoosha kama anayetaka kukojoa na mkojo hautoki, kulala na kuinuka mara kwa mara. Kisha huchimba chini kwa mguu wa mbele, hutoka jasho sehemu sehemu, hugaagaa. Mtu akisubiri kugaagaa ndipo aamini kwamba mnyama anaumwa, amechelewa saa nyingi. Mimi nilichelewa hivyo hivyo.

Ukiona dalili hizo: ondoa chakula chote, pima, andika saa, piga simu. Mapigo yakipita 60 na kubaki huko, au fizi zikigeuka nyekundu iliyoiva sana au zambarau, hiyo si hali ya kungoja kupambazuke. Mengine nitaendelea nayo kadiri mtakavyouliza.

#2 Binti Mfugaji

Asante sana kaka kwa uzi, na pole kwa farasi wako. Mimi nimekua naambiwa farasi mwenye msokoto atembezwe usiku kucha, asiachwe alale hata kidogo, eti utumbo utajifunga. Ina maana tulikosea miaka yote?

#3 Msaidizi wa Mifugo

Dada, kumtembeza hakukatazwi, shida ni kiasi. Dakika 10 au 15 za mwendo wa polepole husaidia gesi kusogea na humtuliza. Saa tano zinamchosha mnyama ambaye tayari anapoteza maji. Akilala kimya, mwache alale. Unamwinua pale tu anapojitupa kwa nguvu kiasi cha kujiumiza au kukuumiza wewe. Utumbo kujisokota hakuletwi na kulala. Ukikutwa umejisokota, mara nyingi ulishajisokota kabla, na maumivu hayo ndiyo yanayomfanya agaegae.

Hilo la mafuta kwa chupa ni la hatari zaidi, naomba wote tulishike. Farasi anayeumwa hamezi vizuri. Ukimwinua kichwa na kumimina, sehemu ya mafuta huingia mapafuni, na mapafu yenye mafuta hayatibiki kirahisi. Daktari akitaka kumpa maji au mafuta hupitisha mpira puani hadi tumboni. Mpira huo una faida ya pili: kama tumbo limejaa gesi au maji yaliyorudi nyuma, hutoka hapo. Kwa kuwa farasi hatapiki, tumbo lililojaa kupita kiasi linaweza kupasuka.

Na sindano za maumivu kama fluniksini: usimchome kisha ndipo umpigie daktari. Dawa ikituliza maumivu huku utumbo umejifunga, farasi ataonekana amepona kwa saa kadhaa, na saa hizo ndizo ambazo upasuaji ungeweza kumwokoa. Piga simu kwanza, akikuruhusu choma, uandike saa na kipimo.

#4 Kwato Nne

Mkuu mleta uzi, shikilia hapo hapo, nitarudi. Mimi shida yangu imekuwa miguu. Mwaka jana farasi wangu alisimama asubuhi hataki hata kugeuka. Nikadhani ni misuli, nikamlazimisha kutembea ili apashe. Baadaye nikaambiwa ni laminaitisi. Naomba mtu aeleze kwa lugha ya kueleweka ni nini hasa kinachotokea humo ndani ya ukwato.

#5 Mleta uzi

Tazama kucha yako inavyoshikamana na nyama ya kidole. Ukwato nao ni kucha, ila umezunguka mguu mzima, na ndani yake kuna mfupa unaobeba uzito wote. Kati ya mfupa na ukuta wa ukwato kuna vikunjo vyembamba mno, mamia kwa mamia, vilivyoshikana kama vidole vya mikono miwili vilivyopitana. Vikunjo hivyo vikiharibika, mfupa hauna tena pa kuning'inia. Unaweza kugeuka kuelekea chini au kuzama wote. Fikiria kila hatua anayopiga akiwa katika hali hiyo. Ndiyo sababu hakutakiwi kumtembeza kwa nguvu, ndugu yangu, kwani kila hatua inang'oa zaidi.

Alama yake ni msimamo. Hupeleka miguu ya mbele mbele zaidi na kuingiza ya nyuma chini ya tumbo, kama anayetaka kukaa, ili uzito uende kwenye visigino. Kugeuka kwenye duara dogo ndiko kunakomuumbua. Kwato zina joto linalodumu, na ukiweka vidole pembeni mwa kifundo cha mguu juu ya ukwato, kwa nyuma, utasikia mshipa unadunda kwa nguvu. Kwa farasi mzima mshipa huo ni wa kuutafuta kwa shida. Ujifunze leo, akiwa mzima.

Sababu zake hutofautiana. Inayoongoza ni insulini (homoni ya sukari) kuzidi kwenye damu: farasi mnene, mwenye mafuta magumu kwenye ukosi wa shingo, anayekula majani mabichi yenye sukari nyingi au nafaka. Farasi wazee wenye manyoya marefu yasiyopukutika kwa wakati mara nyingi wana tatizo la tezi ya ubongo linaloleta laminaitisi hiyo hiyo, na lina dawa ya kila siku, pagolaidi. Kondo la nyuma lililobaki tumboni baada ya kuzaa nalo huileta. Na kuna ile ya mguu mmoja kubeba mzigo wa mwenzake: Barbaro, farasi wa mbio wa Marekani aliyeshinda Kentucky Derby mwaka 2006, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia wiki mbili baadaye kwenye mbio za Preakness. Mfupa ulitibiwa na madaktari bingwa, lakini laminaitisi ikaingia kwenye miguu mingine. Tarehe 29 Januari 2007 ikabidi auawe ili asiteseke.

Naomba hili lisipite: farasi akivunja stoo na kula nafaka nyingi, usimtazame ukasema mbona yuko sawa. Laminaitisi inaweza kuchukua siku moja au mbili kujitokeza, na saa hizo za ukimya ndizo za kuokoa. Mwite daktari akiwa bado anaonekana mzima. Wengi huanza kutumbukiza miguu kwenye maji ya barafu hapo hapo, mfululizo, kabla maumivu hayajaanza.

Aliyekwisha kuugua, mpe sakafu yenye matandiko laini na mengi, mwondolee nafaka na malisho mabichi, mpe majani makavu yaliyolowekwa kwenye maji ili sukari ipungue, na daktari akae na fundi wa kwato kwa pamoja mbele ya picha ya eksirei. Ila msimfungie njaa. Mnene akifungiwa njaa ghafla huanza kumwaga mafuta kwenye damu, hasa punda na farasi wadogo.

#6 Mzee wa Punda

Salaam wanangu. Mmemtaja punda nikaamka.

Mimi nafuga punda tangu ujana wangu na nina farasi wawili. Watu huniambia punda haumwi. Anaumwa sana, ila hasemi. Farasi mwenye msokoto utamwona anagaagaa, lakini punda mwenye msokoto ule ule atasimama tu ameinamisha kichwa, masikio yamelegea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa punda maneno hayo nimeyaona kwa macho yangu. Punda akikataa chakula siku moja tu, hiyo ni dharura. Mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye damu, ini huzidiwa, na ukifika siku ya tatu au ya nne unamfukia.

Mapigo yake ya kawaida ni 36 hadi 52, juu kidogo kuliko farasi, na joto lake ni chini kidogo. Msimpime kwa daftari la farasi. Na punda hufungamana na mwenzake mmoja kama ndugu. Mmoja akipelekwa kutibiwa, nendeni na wote wawili. Nimepoteza punda aliyekuwa mzima kabisa, kwa kumwacha peke yake tu.

#7 Binti Mfugaji

Shikamoo mzee. Nimeandika yote.

Naomba kuuliza: juzi farasi alianza kuchechemea ghafla, mguu mmoja tu wa mbele, hataki hata kuukanyaga. Siku moja kabla alikuwa anakimbia. Nimeogopa nikadhani amevunjika.

#8 Msaidizi wa Mifugo

Marahaba ya mzee umwachie mwenyewe, mimi nijibu la mguu.

Mguu mmoja, ghafla, hakanyagi kabisa, hakuna uvimbe mkubwa wala mfupa uliopinda: mara nyingi ni usaha ndani ya ukwato. Uchafu umepenya kwenye ufa mdogo au tundu la msumari, usaha umejaa, na kwa kuwa ukwato hautanuki, maumivu yanakuwa makali kama ya mfupa uliovunjika. Ukwato huo mmoja utakuwa na joto, na mshipa wa kifundo utadunda upande huo. Laminaitisi kwa kawaida hushika miguu miwili ya mbele au yote minne. Hata hivyo daktari amtazame, kwa sababu kuvunjika kwa mfupa wa ndani ya ukwato kunafanana sana na usaha.

Tiba ni kuutoa. Daktari au fundi wa kwato hutafuta njia yake kwa kisu na kuifungua kidogo, si kuchimba shimo. Kisha ukwato hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya magnesiamu na kufungwa vizuri usiingie uchafu. Usaha ukitoka, farasi hupata nafuu ya haraka mpaka unashangaa.

Ukikuta msumari umo ndani ya unyayo wa ukwato, hasa katikati penye ile pembetatu laini, usikimbilie kuung'oa. Nyuma ya hapo pana kiungo na mfuko wa maji ya kulainisha kano. Picha ikipigwa msumari ukiwa ndani, daktari anaona umefika wapi. Ukishang'olewa, tundu hujifunga na hakuna ajuaye. Zungushia kitambaa kinene na vipande vya mbao pembeni ili usizidi kuzama anapokanyaga, akae pale pale hadi daktari afike. Kama hakuna namna ila kuung'oa, weka alama mahali ulipoingilia, piga picha ya upande ulioelekea, na utunze msumari wenyewe.

Halafu kuna chanjo. Ugonjwa unaoitwa pepopunda haukupata jina hilo bure. Jamii ya farasi na punda ndiyo dhaifu mno mbele ya sumu ya bakteria huyu anayekaa udongoni na kwenye kinyesi. Mwili hukakamaa, miguu husimama kama ya meza, mkia huinuka, na ile ngozi ya ndani ya jicho hujitokeza kufunika jicho ukimshtua. Akifika hapo wengi hawarudi. Chanjo ni mbili kwa kuanza, zikipishana wiki 4 hadi 6, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari, mara nyingi kila mwaka. Kwa farasi hakuna chanjo muhimu kuliko hii.

#9 Mfuga Mchanganyiko

Wakuu, mimi nina ng'ombe, kuku na farasi wawili kwenye eneo moja. Nikipuliza ng'ombe dawa ya kupe napuliza na farasi, na chakula cha ng'ombe kikibaki nawapa. Hadi sasa hawajafa. Kuna tatizo?

#10 Mleta uzi

Ndugu yangu, acha leo. Nakuomba.

Vyakula vingi vya ng'ombe na kuku huchanganywa dawa ya aina ya monensini. Ng'ombe na kuku wanaivumilia, lakini kwa farasi kiasi kidogo sana huharibu misuli ya moyo. Anaweza kufa siku hiyo, au akapona akabaki na moyo mbovu na kuanguka miezi kadhaa baadaye akiwa na mtu mgongoni. Haina dawa ya kuizima. Hata ndoo na koleo visichangiwe.

Dawa ya kupe yenye amitrazi nayo hulegeza utumbo wa farasi hadi usimame, na matokeo yake ni msokoto wa kukwama. Soma kibandiko, kama farasi hajatajwa usimpake. Kupe lazima waondolewe, maana wanaleta homa ya vimelea vya damu vinavyompa mkojo wa rangi ya chai na fizi za manjano, ila waondolewe kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili yake.

#11 Binti Mfugaji

Na minyoo? Sisi tunampa dawa kila baada ya miezi miwili bila kukosa, kila mara nusu bomba.

#12 Msaidizi wa Mifugo

Mna makosa mawili hapo, dada, na mnayafanya kwa nia njema.

Kwanza kipimo. Nusu bomba ya farasi asiyejulikana uzito ni kuwafundisha minyoo kuishi na dawa. Kama huna mizani, tumia utepe wa fundi cherehani: pima mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele kwa sentimita, zidisha kwa wenyewe, kisha zidisha kwa urefu kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya tako, halafu gawanya kwa 11,880. Mzingo wa sentimita 180 na urefu wa 160 unakupa kilo 436 hivi. Ni makadirio, lakini yanashinda macho kwa mbali.

Pili, ratiba ya kila miezi miwili kwa wote ni ya zamani, ya wakati ambapo adui mkubwa alikuwa mnyoo anayetoboa mishipa ya damu ya utumbo. Leo wanaosumbua zaidi ni minyoo wadogo, na wengi wao wameshazoea dawa kadhaa. Minyoo mviringo wa watoto wa farasi nao wameikataa dawa ya ivermektini mahali pengi. Mpelekee daktari kinyesi kibichi ahesabu mayai. Kwenye kundi, farasi wachache tu ndio wanaomwaga mayai mengi, kama 20 kati ya 100 wakitoa takriban 80 kati ya kila mayai 100. Hao ndio wa kutibiwa mara nyingi. Wengine mara moja au mbili kwa mwaka hutosha. Na kuokota kinyesi malishoni mara mbili kwa wiki kuna nguvu kuliko watu wanavyodhani.

#13 Kwato Nne

Wakuu nisaidieni sasa hivi, si swali la kujifunza. Farasi wangu wa miaka 14, amehasiwa. Tangu saa 9 mchana hajamaliza majani. Kalala mara mbili na kuinuka, anatazama ubavu wa kushoto. Kinyesi cha mwisho ni cha asubuhi, vidonge vidogo vikavu vyenye utando. Nimejaribu kupima kama ulivyoelekeza: mapigo 48, joto 37.6, fizi za waridi ila kavu. Tumbo kushoto sisikii kitu, kulia kidogo sana. Kawaida yake wiki hii ilikuwa 34.

#14 Msaidizi wa Mifugo

Umepima vizuri. Toa chakula chote, hata matandiko ya majani anayoweza kutafuna. Maji mwachie. Mpigie daktari wako sasa na umsomee hizo namba kama ulivyotuandikia, pamoja na saa. Usimchome kitu. Mtembeze dakika 10, mpumzishe, pima tena kila nusu saa. Mapigo yakipanda kuelekea 60 mpigie tena, usione haya.

#15 Kwato Nne

Daktari yuko njiani. Saa 1 jioni mapigo 48. Amekunywa kidogo.

#16 Mleta uzi

Tupo nawe. Kaa upande wa bega lake, si mbele ya miguu.

#17 Daftari la Zizi

Nisimkatize ndugu yetu, ila wakati tunamsubiri niongeze la kuambukiza, kwa sababu liliangusha zizi letu zima kutokana na farasi mmoja mgeni.

Ule ugonjwa wa tezi za taya unaoletwa na bakteria Streptococcus equi huanza na homa. Makamasi mazito na majipu chini ya taya huja baadaye. Kati ya homa na makamasi kuna siku moja au mbili ambazo farasi bado haambukizi wenzake. Sisi tulipogundua hilo tulikuwa na wagonjwa wanane. Tulianza kupima kila farasi asubuhi na jioni, na yeyote aliyefika 38.5 tukamtoa siku hiyo hiyo. Ndipo ulipokatika. Ndoo, hatamu, mikono na nguo zetu ndizo zilizokuwa zinausambaza. Waliopona, wachache hubaki na bakteria kwenye mifuko ya hewa iliyo nyuma ya koo, wakionekana wazima, hadi daktari awasafishe. Mgeni sasa anakaa peke yake wiki tatu, akipimwa joto kila siku, hata akija na cheti.

Mwenye farasi kwenye nchi zenye ule ugonjwa wa virusi wa farasi wa Afrika, unaobebwa na visubi, awaingize ndani kabla jua halijazama na awachanje mapema. Vishimo juu ya macho vikivimba na povu likatoka puani, ni huo. Aina ya mapafuni huua karibu wote inaowapata. Mwaka 2020 ulifika Thailand, mbali kabisa na ulikozoeleka.

#18 Mfuga Mchanganyiko

Nimetupa mabaki yote ya chakula cha ng'ombe. Asanteni. Niulize moja: farasi akitokwa na chakula na mate puani anakohoa, ni mafua?

#19 Mleta uzi

Hapana, huyo kakabwa. Chakula kimeziba umio (njia ya chakula), si njia ya hewa, kwa hiyo anapumua bado. Ondoa chakula na maji, kichwa kiwe chini ili mate yasirudi mapafuni, atulie. Umio usipofunguka haraka mwite daktari, na usiingize mpira wa bustani mdomoni kama nilivyowahi kuona mtu akifanya. Baadaye joto lipimwe siku kadhaa kwa hofu ya nimonia. Chakula cha vidonge na masalia ya viazisukari lazima kilowekwe kabla ya kumpa.

Na jicho, kwa kuwa hakuna aliyeliuliza: farasi anayefumba jicho moja na kutoa machozi aonwe siku hiyo hiyo. Usipake mabaki ya dawa ya jicho ya mtu mwingine. Yenye steroidi ikipakwa kwenye jicho lenye kidonda inaweza kulitoboa.

#20 Kwato Nne

Nimerudi wakuu. Samahani kwa kuchelewa.

Daktari aliingiza mkono akakuta donge limekwama kushoto, pale pale kwenye kona aliyoitaja mleta uzi. Akapitisha mpira puani, hakikurudi kitu, akamtilia maji yenye chumvi mara mbili usiku, akamchoma ya maumivu. Tukalala zizini. Saa 10 usiku mapigo 40. Saa 12 na nusu asubuhi akatoa kinyesi, kidogo na kigumu, kisha saa 3 kingi na laini.

Aliponiuliza anakulaje nikakumbuka kwamba wiki kadhaa nimekuwa nikiokota vibonge vya majani aliyotafuna na kuyatema. Akamfungua kinywa. Magego ya juu yana ncha kwa nje zinazokata shavu, ya chini kwa ndani zinakata ulimi. Kumbe meno ya farasi husogea nje milimita 2 hadi 3 kila mwaka maisha yake yote, na yasiposagika sawasawa huwa visu. Alikuwa anameza majani marefu yasiyotafunwa. Atayasawazisha wiki ijayo tumbo likishatulia, kisha kila mwaka.

Ameruhusiwa majani kidogo yaliyoloweshwa kila baada ya saa 3. Nimempima sasa hivi: 36, joto 37.7, fizi zinateleza. Kushoto pananguruma.